Kalamu za wanawake: Chimbuko la hadithi, kutoka Nayeche wa Turkana hadi riwaya za leo

JINA la Lokichoggio lilivuma duniani kwa sababu ya ndege za misaada. Tangu 1989, mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuwasaidia waathiriwa wa vita vya Sudan uliutumia mji huo mdogo, ulio takriban kilomita 30 kutoka mpakani, kuwa kituo chake kikuu.

Hospitali ya Lopiding, iliyofunguliwa na Shirika la Kimataifa la Msalaba Mwekundu mnamo 1987, ilitibu maelfu ya majeruhi wa vita hivyo hadi ilipokabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006. Kambi ya Kakuma nayo ilianzishwa 1992, kusini mwa Lokichoggio katika barabara iendayo Lodwar.

Katika miaka hiyo yote, wanawake wa eneo hilo waliandikwa sana. Waliandikwa katika ripoti za mashirika, katika taarifa za wanahabari na katika fomu za usajili. Walichokosa wengi wao ni fursa ya kushika kalamu wenyewe na kubuni hadithi.

Hali hiyo inazua swali ambalo wapenzi wa fasihi wamekuwa wakiliuliza kwa muda: Mwandishi mwanamke hupata wapi hadithi yake, na huiandika vipi katikati ya kazi, malezi na dhiki? Majibu yanapatikana katika maisha ya waandishi wanawake wa Afrika Mashariki na ya wenzao weusi ng'ambo. Majibu hayo yanaihusu Turkana moja kwa moja.

Nayeche na fahali wa kijivu

Ifahamike kwanza kwamba Turkana si nchi iliyokosa hadithi. Masimulizi ya asili ya Waturkana yenyewe yanaanza na mwanamke.

Wazee wa Turkana, pamoja na ndugu zao Wajie wa Karamoja nchini Uganda, husimulia habari za Nayeche. Mwanamke huyo aliondoka kwao akashuka kuelekea mashariki, akifuata nyayo za fahali wa kijivu aitwaye Engiro, hadi akafika bonde la mto Tarach. Huko alipata matunda ya mwituni ya kutosha kumlisha.

Vijana waliokuja kumtafuta fahali aliyepotea walimkuta, wakaiona nchi hiyo kuwa njema, nao watu wakaanza kuhamia huko. Masimulizi hutofautiana kutoka msimulizi mmoja hadi mwingine, lakini jina la Nayeche limebaki katika kilima kiitwacho Moru Anayeche. Mto Tarach ndio huo huo upitao Kakuma.

Ngano hii ina yale ambayo mtunzi yeyote wa riwaya angeyahitaji: njaa, safari ndefu, mnyama wa ajabu na mwanamke anayefanya uamuzi ambao wengine hawajauthubutu. Katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, hadithi za namna hii zilirithishwa jioni, watoto wakimzunguka bibi au mama karibu na moto.

Ni chemchemi hiyo ambayo waandishi wengi wanawake wameitaja kuwa chanzo cha sanaa yao.

Kutoka kwa bibi hadi kitabuni

Marehemu Grace Ogot, aliyezaliwa Asembo mwaka 1930, alisikia ngano kutoka kwa bibi yake. Mojawapo ya hadithi zake zinazojulikana zaidi, 'The Rain Came', inamhusu binti wa chifu, Oganda, anayetakiwa kutolewa kafara ziwani ili mvua inyeshe. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wake 'Land Without Thunder' wa mwaka 1968.

Ogot hakuinakili ngano kama alivyoisikia. Aliiandika akitilia maanani hofu ya msichana, uchungu wa baba anayebanwa na wadhifa wake na furaha ya kijiji kinachosherehekea kifo cha mtu mmoja. Swali ambalo ngano haikuliuliza, yaani binti mwenyewe anaonaje, ndilo alilolifanya kuwa kiini cha hadithi.

Zaidi ya nusu karne baadaye, Idza Luhumyo, mzaliwa wa Mombasa aliyesomea sheria, aliandika 'Five Years Next Sunday'. Mhusika wake mkuu ni mwanamke kijana ambaye nywele zake zina uwezo wa kuleta mvua, huku jamaa na wageni wakimtazama kwa jicho la kutaka faida. Hadithi hiyo ilimpatia Tuzo ya Caine mwaka 2022.

Waandishi hawa wawili wametoka pwani mbili tofauti, ya Ziwa Victoria na ya Bahari Hindi, na ni wa vizazi viwili tofauti. Hata hivyo, wote wameshughulikia jambo moja: ukame unapobana, mwili wa mwanamke ndio unaodaiwa malipo. Msomaji wa Lokichoggio, ambako mvua ni haba na mwendo wa kutafuta maji ni mrefu, hahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Dkt Margaret Ogola naye alitegemea masimulizi ya mama yake kuhusu wanawake wa ukoo waliomtangulia. Kutokana na masimulizi hayo ilizaliwa riwaya ya 'The River and the Source', iliyochapishwa 1994, inayofuata vizazi vya wanawake kuanzia Akoko. Riwaya hiyo ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta na ile ya Jumuiya ya Madola ya kitabu cha kwanza bora barani Afrika mwaka 1995, kisha ikasomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili.

Kuandika bila kuacha kazi

Jambo la pili linalojitokeza ni kwamba wengi wa waandishi hawa hawakusubiri kupata nafasi ya kutosha ndipo waandike. Waliandika wakiwa kazini, na kazi hiyo ikawapa hadithi.

Ogot alikuwa muuguzi na mkunga aliyepata mafunzo nchini Uganda na Uingereza. Baadaye alikuwa mtangazaji wa BBC, mfanyabiashara, mbunge na waziri msaidizi. Wodi za hospitali, wauguzi na wagonjwa wanaosita kati ya dawa ya kizungu na mganga wa jadi wamejaa katika hadithi zake.

Ogola alikuwa daktari wa watoto aliyewahudumia mayatima wenye virusi vya Ukimwi. Alilea familia, akaitibu jamii, na bado akaandika riwaya kadhaa kabla ya kufariki mwaka 2011. Ugonjwa na kifo anavyovieleza katika vitabu vyake ni mambo aliyoyaona kwa macho yake mwenyewe.

Ng'ambo hali haikuwa tofauti sana. Mmarekani mweusi Toni Morrison, aliyeshinda Tuzo ya Nobel mwaka 1993, alilea wana wawili peke yake huku akiwa mhariri wa vitabu katika kampuni ya Random House. Alizoea kuamka kabla ya mapambazuko, akanywa kahawa, akatazama mwanga ukiingia, ndipo akaanza kuandika.

Mazoea hayo hayakutokana na mapenzi ya alfajiri pekee. Yalikuwa matokeo ya kuwa na watoto wadogo ambao wakishaamka, kazi ya kuandika imekwisha.

Kazi ya uhariri nayo ilimpa Morrison mbegu ya riwaya yake mashuhuri. Alipokuwa akitayarisha kitabu kuhusu historia ya Wamarekani weusi kilichotoka 1974, alikutana na habari ya kale ya gazetini kuhusu Margaret Garner, mwanamke mtumwa aliyemuua mtoto wake ili asirudishwe utumwani. Kutokana na habari hiyo fupi aliandika 'Beloved', iliyochapishwa 1987.

Habari ya kweli, hadithi ya kubuni

Mbinu hiyo ya kuchukua tukio la kweli na kulitungia maisha ndiyo inayomtambulisha Yvonne Adhiambo Owuor, mwandishi Mkenya anayeihusu Turkana kuliko wengi.

Owuor alishinda Tuzo ya Caine mwaka 2003 kwa 'Weight of Whispers', hadithi ya mtu wa ukoo wa kifalme kutoka Rwanda anayejikuta mkimbizi jijini Nairobi. Ilichapishwa na jarida la Kwani?, lililoanzishwa mwaka huo huo na marehemu Binyavanga Wainaina na wenzake.

Riwaya yake ya kwanza, 'Dust', haikutoka hadi 2014. Zaidi ya miaka kumi ilipita kati ya tuzo na kitabu, funzo kwa waandishi chipukizi wanaodhani kwamba ushindi mmoja hufungua milango yote mara moja.

'Dust' inaanza kwa kuuawa kwa kijana Odidi Oganda katika barabara za Nairobi wakati wa ghasia za uchaguzi wa 2007. Mwili wake unarudishwa nyumbani katika nyika kame za kaskazini, kwenye nyumba iitwayo Wuoth Ogik, maneno ya Kijaluo yenye maana kwamba safari imekwisha.

Mama yake Odidi ni Akai Lokorijom, mwanamke wa Kiturkana. Akai si mama wa hadithi za shule anayekaa jikoni akilia. Ni mkali, ana siri, hubeba bunduki, na huzuni yake humtoa nyumbani akaingia jangwani. Siri za familia hiyo zinafichua siri za taifa, kuanzia enzi ya ukoloni hadi mauaji ya Tom Mboya mwaka 1969.

Kwa kumweka Akai katikati ya riwaya, Owuor aliihamisha kaskazini kutoka ukingoni mwa ramani na kuifanya mahali ambapo historia ya Kenya inaweza kusomwa. Riwaya hiyo ilishinda Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta mwaka 2015.

Katika riwaya iliyofuata, 'The Dragonfly Sea' ya 2019, Owuor alirudia mbinu hiyo akiwa upande wa pili wa nchi. Mwaka 2005, msichana kutoka kisiwa cha Pate alialikwa China kwa imani kwamba ukoo wake unatokana na mabaharia wa Zheng He, waliofika pwani hii miaka mia sita iliyopita. Magazeti yaliandika habari yake kwa muda mfupi. Owuor alimbuni Ayaana, akampa bahari, mama, hofu na matamanio.

Wanapokutana Jumatatu

Mwandishi huandika peke yake, lakini ni nadra kufika mbali peke yake. Ushahidi wa hayo unapatikana Kampala, katika chama cha waandishi wanawake cha FEMRITE.

Chama hicho kilianzishwa katikati ya miaka ya 1990 chini ya uongozi wa Mary Karooro Okurut, mhadhiri ambaye baadaye alikuwa mbunge na waziri. Desturi yake iliyodumu ni mkutano wa kila Jumatatu, ambapo wanachama husoma maandishi yao kwa sauti na kukosolewa na wenzao.

Miongoni mwa waliopitia hapo ni Goretti Kyomuhendo, mwandishi wa 'Secrets No More', na Monica Arac de Nyeko, Mganda wa kwanza kushinda Tuzo ya Caine, mwaka 2007. Mwingine ni Beatrice Lamwaka, ambaye hadithi yake kuhusu msichana aliyerudi kutoka mikononi mwa waasi ilifika fainali ya tuzo hiyo mwaka 2011.

Arac de Nyeko na Lamwaka wanatoka Acholi, eneo lililoteswa na vita kwa miaka mingi na linalopakana na Karamoja, alikotoka Nayeche. Mnamo 2009 FEMRITE ilichapisha 'Farming Ashes', mkusanyiko wa simulizi za wanawake wa kaskazini mwa Uganda walionusurika vita hivyo.

Mganda mwingine, Jennifer Nansubuga Makumbi, anajulikana kwa subira yake. Alianza kazi ya riwaya ya 'Kintu' mwanzoni mwa miaka ya 2000, akiishi Uingereza. Ameeleza kwamba wachapishaji wa huko waliikataa kwa kuiona kuwa ya Kiafrika mno.

Makumbi hakuibadilisha ili kuwapendeza. Mwaka 2013 mswada huo ulishinda shindano la Kwani? jijini Nairobi, na kitabu kikachapishwa mwaka uliofuata. Mwaka huo huo wa 2014 alishinda Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola. Ndipo wachapishaji wa Marekani na Uingereza walipokifuata.

Suala la lugha

Uchaguzi wa lugha ni sehemu ya mazoea ya mwandishi, na athari zake ni kubwa. Ogot, baada ya kujipatia jina kwa Kiingereza, aliandika pia kwa Kijaluo, vikiwemo vitabu vya 'Ber Wat' na 'Miaha', ili wasimulizi waliomlea waweze kusoma au kusomewa kazi zake.

Stella Gaitano, mfamasia aliyezaliwa Khartoum katika familia ya asili ya Sudan Kusini, huandika kwa Kiarabu. Hadithi zake zinawahusu watu wa kusini waliokimbia vita na kuishi katika vitongoji duni vya mji huo. Wengine wa watu hao hao walikimbilia kusini zaidi, wakavuka mpaka hadi Lokichoggio na Kakuma.

Kwa upande wa Kiswahili, Zainab Burhani wa Zanzibar alitangulia kwa riwaya za 'Mali ya Maskini' na 'Mwisho wa Kosa' katika miaka ya 1980. Katika miaka ya karibuni, riwaya mbili za Kiswahili zilizosomwa sana katika shule za Kenya zimeandikwa na wanawake.

Ya kwanza ni 'Chozi la Heri' ya Assumpta Matei, iliyochapishwa 2014. Inaanza na Ridhaa, aliyeipoteza familia yake kwa moto baada ya uchaguzi na kujikuta katika kambi ya wakimbizi wa ndani. Ya pili ni 'Nguu za Jadi' ya Profesa Clara Momanyi, ya mwaka 2021, ambapo Mangwasha, mwanamke afanyaye kazi katika ofisi ya chifu, anakuwa nguzo ya mapambano dhidi ya ukabila na ufisadi.

Shule za kambi ya Kakuma hufuata mtaala wa Kenya. Kwa hivyo msichana aliyezaliwa kambini na wazazi kutoka Sudan Kusini au Kongo ameweza kuzisoma riwaya za kufukuzwa makwao zilizoandikwa na wanawake, kwa lugha anayoitumia sokoni na katika foleni ya maji.

Nani ataiandika Kakuma?

Kufikia sasa, vitabu vinavyojulikana zaidi kuhusu Kakuma ni vya aina nyingine. 'What Is the What', riwaya ya 2006 ya Mmarekani Dave Eggers, inasimulia maisha ya Valentino Achak Deng, mmoja wa wavulana wa Sudan waliofika kambini baada ya kutembea mamia ya kilomita.

Kwa upande wa wanawake, Achut Deng, aliyekulia Kakuma kabla ya kuhamia Marekani, alitoa tawasifu ya 'Don't Look Back' mwaka 2022 kwa kushirikiana na mwandishi Keely Hutton.

Tawasifu ni kazi ya thamani. Hata hivyo, mkimbizi huombwa ushahidi kila mara: afisa wa usajili anataka ushahidi, mfadhili anataka ushahidi, mwanahabari anataka ushahidi. Hadithi ya kubuni humpa ruhusa ambayo ofisi hizo hazimpi. Humruhusu kuficha, kutia chumvi, kucheka, na kumsema jirani bila kumtaja jina.

Dalili za utayari zipo. Mwaka 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao wenyewe, Kanere. Huko Lodwar, tamasha la Tobong'u Lore limekuwa likiwakutanisha Waturkana na jamii ndugu kutoka Uganda, Sudan Kusini na Ethiopia, jamii ambazo baadhi yao humkumbuka Nayeche katika masimulizi yao.

Vikwazo navyo ni dhahiri. Wachapishaji wakubwa wako Nairobi, mamia ya kilomita kusini. Vitabu ni ghali kwa familia inayoishi kwa mgao au kwa mifugo inayokufa kila ukame unapozidi. Msichana wa Turkana hutumia saa nyingi za mchana kwa maji, kuni na wadogo zake.

Mifano iliyotajwa hapa haifuti vikwazo hivyo, lakini inaonyesha kinachowezekana ndani yake. Morrison alikuwa na saa chache za alfajiri. Ogola alikuwa na wagonjwa. Wanawake wa FEMRITE walikuwa na jioni moja kwa wiki na masikio ya wenzao. Makumbi alikuwa na mswada uliokataliwa ambao hakuutupa.

Mkutano wa kila wiki wa kusomeana hauhitaji jengo wala ufadhili mkubwa. Chumba cha darasa Lokichoggio au kivuli cha mti Kakuma kinatosha, pamoja na daftari, kalamu na mwalimu aliye tayari kusikiliza. Bibi anayeijua habari ya Nayeche anaweza kualikwa siku ya kwanza, na wasichana wakaombwa kuandika yale ambayo ngano haikuyasema: aliogopa nini alipoziona nyayo za Engiro zikielekea nchi asiyoijua, na kwa nini hakurudi nyuma.